Pikapu ya zamani: Kwa nini ukarabati huanzia kwenye chasisi, si kwenye rangi

Pikapu ya zamani inaweza kupakwa rangi mpya, kufungwa injini nyingine na kushonewa viti vizuri, halafu ikapinda mgongo safari ya kwanza ya kubeba mzigo. Kisa? Chasisi haikuguswa.

Mkoani Tabora suala hili si la watu wa maonyesho ya magari ya kale. Land Rover na Land Cruiser za miaka mingi bado ziko kazini. Zinabeba tumbaku, asali, mahindi, mbao, mbuzi wa mnadani na abiria wa vijijini. Mwenye gari akikosea kwenye chasisi, hasara haiishii mfukoni. Kuna watu wamekaa juu ya mzigo ule.

Makala hii inaeleza hatua kwa hatua: namna ya kukagua chasisi, kuitengeneza, kuikinga na kutu, na kuboresha springi na breki bila kuharibu gari lenyewe.

Chasisi ni nini hasa

Pikapu nyingi za zamani zimejengwa juu ya fremu inayofanana na ngazi. Kuna reli mbili ndefu za chuma kutoka mbele hadi nyuma, na kati yake kuna boriti zinazokatiza. Injini, giaboksi, springi, tanki la mafuta, kebini na bodi ya mizigo vyote vinashikiliwa na ngazi hiyo.

Ndiyo maana bodi ikibonyea gari linaendelea kutembea, lakini chasisi ikipasuka mambo yanabadilika. Ekseli ya nyuma inaweza kukaa upande. Gari likaanza kutembea kimshazari, matairi yakaliwa upande mmoja, usukani ukavuta, na siku ya kukanyaga breki ghafla balaa likatokea.

Njia ya zamani, mzigo mpya

Kabla ya magari, njia ya Bagamoyo kwenda Ujiji kupitia Tabora ilibebwa na mabega ya watu. Tabora, iliyojulikana pia kwa jina la Kaze, ilikuwa kituo kikubwa cha misafara katika nchi ya Unyanyembe. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee. Wanyamwezi walijulikana pwani yote kwa kazi hiyo.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Magari nayo yakaja. Mpango wa Karanga wa serikali ya kikoloni ya Waingereza, ulioanza 1947 na kufutwa 1951, ulifungua mashamba Kongwa, Nachingwea na Urambo, na Urambo iko magharibi ya Tabora mjini. Mwaka 1948 Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam. Toyota wakaleta Land Cruiser za mfululizo wa 40 mwaka 1960.

Leo barabara kuu kadhaa za mkoa zina lami. Lakini pikapu ya zamani haiishi kwenye lami. Kazi yake iko kwenye barabara za vumbi za kwenda mashambani, kwenye michanga ya misitu ya miombo na kwenye tope jeusi la mbuga. Mpagazi akilemewa alitua mzigo. Chasisi haina mdomo, inavumilia kimyakimya mpaka siku inakatika.

Vitu vinne vinavyoua chasisi magharibi mwa Tanzania

Cha kwanza ni chumvi. Uvinza, kwenye njia ya kwenda Ujiji, imejulikana kwa chumvi tangu enzi za misafara. Pikapu inayobeba chumvi, au dagaa na samaki wa chumvi kutoka Kigoma, inapata kutu haraka kuliko mwenzake. Chembe za chumvi zinapenya kwenye maungio, zinavuta unyevu hewani, na chuma kinaendelea kuliwa hata gari likiwa limeegeshwa.

Cha pili ni tope. Udongo mweusi wa mbuga unanata. Ukiingia ndani ya reli na kuziba matundu ya kutolea maji, unakaa na unyevu wiki nyingi baada ya mvua kukatika.

Cha tatu ni mkojo wa mifugo. Ng'ombe na mbuzi wanaposafirishwa, mkojo unapita kwenye mbao za bodi na kutua juu ya reli za nyuma. Una chumvichumvi, na mahali unapotua hapaonekani mpaka bodi ivuliwe.

Cha nne ni mzigo kupita kiasi kwenye barabara yenye mawimbi. Chuma hakikatiki kwa sababu ya shimo moja tu. Kinachoka. Kila kishindo kinaongeza ufa kidogo, na ufa wa urefu wa kucha unaweza kuwa wa urefu wa kiganja ndani ya msimu mmoja.

Land Rover na Land Cruiser haziozi sawa

Land Rover za Series, yaani zile zilizotengenezwa kuanzia 1948 hadi 1985, zina bodi ya aluminiamu juu ya chasisi ya chuma. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu kama chuma. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoingizwa mjini. Bodi inang'aa, kumbe chini chasisi imebaki kama biskuti.

Chasisi hiyo imetengenezwa kwa sahani za chuma zenye unene wa takriban milimita 2, zilizochomelewa zikawa boksi. Maji yakiingia ndani ya boksi, kutu inaanzia ndani kuja nje. Tundu linapoonekana kwa nje, ugonjwa una miaka. Sehemu za kushuku kwanza ni boriti ya mwisho kabisa nyuma, mikono ya pembeni inayobeba kebini, na vishikizo vya springi.

Mahali aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu pia pana tatizo. Metali hizo mbili zikilowana pamoja, aluminiamu inaliwa na kuacha unga mweupe. Ndiyo maana wakati wa kurudisha bodi kunahitajika mpira au rangi nzito katikati yake.

Land Cruiser za mfululizo wa 40, zilizotengenezwa hadi 1984, na za 70 zilizofuata, zina bodi ya chuma. Bodi ndiyo huanza kuoza, kwa hiyo mwenye gari anapata onyo mapema. Boriti nyingi za chasisi zimefungwa kwa ribiti. Tatizo lake kubwa ni ribiti kulegea na nyufa kuzunguka vishikizo vya springi za nyuma, hasa kwa gari lililobebeshwa sana.

Toleo la pikapu la HZJ75, lenye injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2, lilianza 1990 na lina springi za majani mbele na nyuma. Mwaka 1999 lilifuatiwa na HZJ79, ambayo mbele ina springi za koili. Tofauti hii ni muhimu wakati wa kununua spea, kwa sababu vifaa vya mbele vya magari hayo mawili haviingiliani.

Ukaguzi: nyundo, bisibisi na tochi

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji mashine ya gharama. Gari huoshwa chini kwa maji ya presha, huachwa likauke, kisha huinuliwa na kukalishwa kwenye stendi za chuma. Jeki peke yake haitoshi, na matofali ndiyo kabisa. Tofali linapasuka bila kupiga hodi.

Fundi hugonga reli kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali. Chuma kilichooza kinatoa sauti nzito iliyokufa. Pale penye sauti hiyo, bisibisi ikisukumwa kwa nguvu itazama.

Maeneo ambayo hayatakiwi kurukwa ni haya:

- Vishikizo vya springi, mbele na nyuma
- Mahali boksi la usukani linapofungwa
- Sehemu ya reli inayopanda juu ya ekseli ya nyuma
- Maungio ya boriti na reli
- Juu ya reli chini ya bodi ya mizigo, ambapo jicho halifiki
- Sehemu yoyote yenye kiraka cha zamani au rangi nyeusi nzito isiyoeleweka

Hiyo ya mwisho ina maana kubwa. Rangi nzito ya lami iliyopakwa juzi chini ya gari linalouzwa mara nyingi inaficha kitu. Muuzaji asiyetaka ikwanguliwe ameshajibu swali.

Kuamua: itengenezwe au iachwe

Kutu iliyo juujuu, boriti moja iliyooza au ufa mmoja kwenye kishikizo vinatengenezeka. Reli moja iliyopinda kidogo inaweza kunyooshwa na karakana yenye vifaa. Lakini reli zote mbili zikiwa zimeoza sehemu ileile, au chasisi ikiwa imejaa viraka juu ya viraka, kuchomelea tena ni kushona nguo iliyochakaa. Uzi mpya unachana kitambaa.

Katika hali hiyo kuna njia mbili. Moja ni kutafuta chasisi nyingine nzima yenye karatasi halali. Nyingine, kwa Land Rover, ni chasisi mpya. Viwanda vidogo vya Uingereza bado vinatengeneza chasisi za magari hayo ya zamani na kuzizamisha kwenye zinki ya moto, kinga inayodumu kuliko rangi. Gharama ya kuisafirisha hadi Tabora ni kubwa, hivyo inamfaa zaidi mwenye gari anayekusudia kukaa nalo maisha yote.

Kuvua gari: kazi ya kiangazi

Mvua za Tabora huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili. Kazi ya chasisi inafaa kufanyika kiangazi, Juni hadi Oktoba. Chuma kinakauka, rangi inashika, na gari linakuwa tayari kabla barabara hazijaharibika.

Kabla ya kufungua nati ya kwanza, simu ya mkononi ifanye kazi. Kila waya, kila bomba na kila kishikizo kipigwe picha. Bolti zitiwe kwenye makopo tofauti yenye maandishi. Gari likikaa gereji miezi mitatu, hakuna fundi anayekumbuka kila kitu.

Betri hutolewa kwanza, kisha tanki la mafuta. Tanki tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke wa mafuta ndiyo unaolipuka. Likae mbali kabisa na moto wa kuchomelea. Baada ya hapo hutolewa bodi ya mizigo, kebini, halafu injini na giaboksi kama kazi ni kubwa.

Kupima kabla ya kuchomelea

Hatua hii inarukwa sana, na ndiyo inayozaa magari yanayotembea upandeupande. Chasisi hukalishwa usawa kwenye sakafu ya saruji. Timazi ya fundi mwashi hushushwa kutoka kwenye tundu la kila kishikizo cha springi, na alama ya chaki huwekwa sakafuni.

Kisha hupimwa kwa tepu kutoka alama ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, halafu mbele kulia hadi nyuma kushoto. Vipimo hivyo viwili vinatakiwa kulingana, au kutofautiana kwa milimita chache tu. Tofauti ikiwa kubwa, chasisi imekwenda mrama na inyooshwe kwanza. Ikichomelewa ikiwa imepinda, itabaki imepinda milele.

Vipimo hivi virudiwe katikati ya kazi na mwishoni, kwa sababu joto la kuchomelea nalo linavuta chuma.

Kuchomelea: palipo na makosa mengi

Kiraka cha chasisi hakitokani na bati la kuezekea wala sahani yoyote iliyookotwa. Kiwe chuma laini chenye unene sawa na wa reli. Kikiwa chembamba kitachanika. Kikiwa kinene mno kitafanya sehemu moja iwe ngumu, na ufa utahamia pembeni yake. Bati la zinki lina ubaya mwingine: moshi wake ukichomwa ni sumu kwa fundi.

Kutu yote hukatwa hadi kufikia chuma kinachong'aa. Kuchomelea juu ya kutu ni sawa na kubandika gundi juu ya vumbi.

Ufa una utaratibu wake. Kwanza hutobolewa tundu dogo pale unapoishia, ili usiendelee kutembea. Kisha husagwa kwa grinda kutengeneza mfereji wenye umbo la V, ndipo hujazwa. Ufa uliopakwa vijiti juujuu bila mfereji utarudi.

Kiraka cha kuimarisha kisiwe na ncha zilizonyooka wima kukatiza reli. Ncha zikatwe kimshazari, kama umbo la almasi, ili nguvu isambae. Mgongo na tumbo la reli, yaani upande wa juu na wa chini, ndiko nguvu nyingi hupita. Kwa hiyo matundu mapya yatobolewe kwenye ubavu, si juu wala chini.

Kwa chuma chembamba cha Land Rover, mashine ya kuchomelea kwa waya inafaa kuliko vijiti, kwa sababu vijiti hutoboa haraka. Penye vijiti tu, vitumike vyembamba na fundi achomelee vipande vifupivifupi akibadilisha upande. Vijiti vya aina ya 7018 vinatoa muungano wenye nguvu, lakini havitaki unyevu. Vikikaa wazi gerejini wakati wa masika vinafyonza maji hewani na muungano unaweza kupasuka.

Ribiti zilizolegea kwenye Land Cruiser zinaweza kubadilishwa kwa bolti ngumu za daraja la 8.8 au 10.9. Tundu hulainishwa hadi bolti iingie kwa kubana. Bolti inayocheza ndani ya tundu haijatibu kitu.

Chuo cha VETA Tabora ni miongoni mwa vyuo vya ufundi stadi mkoani, na ufundi magari na kuchomelea ni fani za kawaida za VETA. Kwa mwenye gari, kumuuliza fundi alikojifunzia kuchomelea si dharau. Ni swali la usalama.

Kinga ya kutu, pamoja na nta ya Tabora

Baada ya kuchomelea, chasisi husafishwa kwa brashi ya waya au kwa kupulizwa mchanga. Kutu iliyobaki kwenye kona hupakwa dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosforiki. Ikikauka hufuata rangi ya kwanza yenye zinki au ile nyekundu ya kuzuia kutu, kisha rangi ngumu ya juu mara mbili. Kila mkono uachwe ukauke. Haraka hapa inalipwa mvua ya kwanza.

Ndani ya reli brashi haifiki. Huko hupulizwa nta maalumu ya magari kwa mpira mrefu. Tabora ni nchi ya asali, na nta ya nyuki si kitu kigeni kwa chuma. Wahunzi wameitumia muda mrefu kukinga vyuma vyao. Ikiyeyushwa na kuchanganywa na mafuta inaweza kusaidia kwenye kona, lakini iyeyushwe juu ya maji ya moto, isiwekwe motoni moja kwa moja, kwa sababu inawaka. Isipakwe karibu na bomba la moshi pia. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 60 na ushee.

Vipi kuhusu oili chafu, inayopendwa na wengi? Inazuia maji kwa muda, lakini inaharibu mipira ya bushi, inanasa vumbi na kuchafua udongo. Ikidondokea kwenye breki ni hatari.

Matundu ya chini ya kutolea maji yabaki wazi. Chasisi iliyozibwa kila mahali inageuka mtungi.

Kuboresha springi: si kila jani ni faida

Maboresho ya kwanza ambayo watu huomba ni kuongeza majani ya springi ili gari "libebe zaidi". Hapa pana kosa linalorudiwa miaka yote.

Springi kazi yake ni kumeza kishindo. Ikiongezewa majani mpaka haipindi, kishindo kinapita moja kwa moja kwenye vishikizo na reli. Gari linaonekana limesimama vizuri na mzigo, kumbe chasisi ndiyo inayofanya kazi ya springi. Nyufa zinafuata.

Njia salama ni kuanza na springi nzima za kipimo cha kiwandani, bushi mpya, pini mpya na yubolti mpya. Gari linalobeba mzigo siku zote linaweza kuongezewa springi ya msaada, ile inayogusa tu gari likishajaa. Likiwa tupu, springi za kawaida zinafanya kazi yake.

Shokapu zibadilishwe kwa jozi, kushoto na kulia pamoja. Shokapu iliyokufa inaacha springi ikirukaruka, na kwenye barabara ya mawimbi hiyo ndiyo njia ya haraka ya kupasua chasisi.

Springi kubwa haziongezi uzito halali wa gari. Uwezo unabaki ule ulioandikwa na kiwanda, kwa sababu breki, beringi na ekseli ni zilezile. Sheria ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 inahusu magari ya kuanzia tani 3.5, na pikapu kubwa iliyojazwa inaweza kukaribia hapo bila dereva kujua.

Breki na usukani vinakuja kabla ya injini

Land Rover zote za Series zilitoka kiwandani na breki za dramu magurudumu yote manne. Zikitunzwa zinasimamisha gari, lakini zikipita kwenye maji zinalegea kwa muda. Breki za diski mbele zilikuja na Land Rover 110 mwaka 1983, pamoja na springi za koili. Kufunga diski mbele ni boresho zuri, ila lazima liende na master silinda na busta vinavyolingana. Diski na master silinda isiyo yake ni breki ya kubahatisha.

Bodi ikiwa imevuliwa, mabomba ya breki yote yabadilishwe. Ndiyo nafasi pekee ya kuyafikia kirahisi. Tai rodi, bolijointi na bushi zote zinazocheza zitolewe wakati huohuo.

Injini kubwa ije mwisho. Kuweka injini nzito ya dizeli kwenye Land Rover ya zamani ni jambo la kawaida Tanzania, lakini mara nyingi boriti hukatwa ili injini ikae. Boriti iliyokatwa lazima ijengwe upya kwa namna nyingine, si kusahauliwa. Gari lenye mwendo mpya na breki za zamani ni hatari kwa kila aliye barabarani.

Namba ya chasisi: ikipotea, gari limepotea

Kwenye Land Rover nyingi za Series II na III, namba imepigwa kwenye kishikizo cha springi cha mbele kulia. Kwenye Land Cruiser iko kwenye reli ya kulia, upande wa mbele. Kwa bahati mbaya kishikizo hicho cha Land Rover ni sehemu inayooza na ambayo mafundi hukata bila kuangalia.

Namba hiyo ndiyo iliyo kwenye kadi ya gari ya TRA. Gari lisilo na namba, au lenye namba iliyosagwa, linatiliwa shaka ya wizi, hata kama mwenye nalo ni wa tatu kulimiliki kihalali. Kabla ya kazi namba isafishwe, ipigwe picha na kulinganishwa na kadi. Fundi aambiwe wazi kwamba hapo haparuhusiwi kusaga wala kujaza.

Kama sehemu yenye namba imeoza kabisa, au chasisi nzima inabadilishwa, mwenye gari aende TRA na polisi wa usalama barabarani kabla ya kukata, akiwa na kadi na karatasi za chasisi mpya. Injini ikibadilishwa, taarifa nazo zibadilishwe kwenye kadi. Kupiga namba ya zamani kwenye chasisi nyingine kienyeji ni kujitafutia kesi.

Safari ya kwanza na matunzo

Gari likishaunganishwa, bolti za bushi za mpira hukazwa mwisho likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa hewani, mpira unajinyonga na kuchanika mapema.

Safari ya kwanza iwe bila mzigo, kilomita chache karibu na mji. Kisha nusu mzigo. Baada ya kama kilomita 500, yubolti zote zikazwe tena, kwa kuwa springi mpya hujikalisha. Maungio mapya yaangaliwe kwa tochi. Mstari wa kutu mwembamba juu ya rangi mpya ni dalili ya ufa.

Kila baada ya kubeba chumvi, samaki au mifugo, chini ya gari paoshwe kwa maji safi siku hiyohiyo, ndani ya reli pia. Kila mwaka kabla ya mvua, nta irudiwe na matundu yazibuliwe.

Kwa kifupi: mpangilio wa matumizi ya fedha

1. Ukaguzi na kupima unyoofu wa chasisi
2. Kuchomelea na kubadilisha boriti zilizooza
3. Kinga ya kutu ndani na nje
4. Breki, mabomba yake na usukani
5. Springi, bushi na shokapu
6. Injini na giaboksi
7. Bodi, viti na rangi

Mwenye fedha ya hatua tatu za kwanza tu bado amefanya jambo la maana. Gari lake linaweza kusubiri hatua zilizobaki bila kuendelea kuoza. Aliyeanza na namba saba atalazimika kuvua kila kitu tena, na rangi ile nzuri ndiyo ya kwanza kuchubuka.